Kichwa, Moyo na Usingizi: Kweli na Si Kweli Kuhusu Afya ya Akili Zahanati

Kaa kwenye benchi la kituo chochote cha afya Songea mjini, Jumatatu asubuhi, usikilize watu wanavyojieleza. Kichwa kinauma. Moyo unakwenda mbio. Silali. Mwili umechoka, chakula hakipiti. Wengi wao wana malaria, presha au upungufu wa damu, na wanatibiwa hivyo. Lakini wapo waliokwisha kupimwa malaria mara tatu msimu huu, kila mara hakuna kitu, wakapewa vidonge vya maumivu na vya kuongeza damu, na leo wamerudi na kichwa kilekile.

Watafiti waliwahi kuwatafuta watu wa namna hiyo. Mwaka 2003 Ngoma, Prince na Mann walichapisha matokeo ya utafiti wao wa Dar es Salaam: kati ya wagonjwa waliokutwa kwenye vituo vya afya ya msingi, asilimia 24 walikuwa na sonona, wasiwasi uliopitiliza au hali nyingine za kundi hilo. Ni kama mmoja kati ya wanne. Na mtu wa hivyo hafiki mapokezi akasema ana sonona. Anasema kichwa.

Kwa hiyo ubishi wa kama huduma ya afya ya akili iingie zahanati au isiingie, wagonjwa wenyewe wameshaumaliza, maana wako pale tayari. Kilichobaki ni kama watakuta mtu wa kuwauliza, mahali pa kuongelea na dawa kabatini. Na kinachokwamisha, mara nyingi, ni maneno tunayorithishana mitaani na wakati mwingine hata ndani ya vyumba vya tiba. Nimechukua yale yanayosikika sana kwetu Ruvuma.

"Wagonjwa wa akili wana hospitali yao, ni Mirembe."

Si kweli.

Jina la Mirembe limetuingia mdomoni kiasi kwamba mtoto akifanya vituko anaambiwa atapelekwa Dodoma. Hospitali ile ilianzishwa na Waingereza mwaka 1927. Kabla yake ilikuwepo Lutindi, kwenye milima ya Usambara wilayani Korogwe, mahali ambapo wamisionari walianza mwaka 1896 kulea watoto waliookolewa utumwani, kisha mwaka 1904 pakageuzwa kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Zote mbili zilisimama juu ya fikra moja: mgonjwa atolewe kwao, akatunzwe mbali. Kwa mtu wa Songea, mbali maana yake ni kushinda kwenye basi kupitia Njombe, Makambako na Iringa, na ndugu wa kumsindikiza, na nauli ya kwenda na kurudi, na hela ya kula njiani. Mgonjwa anarudi ametulia, familia inashukuru, kisha dawa zinaisha na jirani hakuna wa kumwandikia nyingine. Baada ya muda safari inaanza upya.

Tanzania iliona kasoro hii mapema kuliko wengi wanavyodhani. Miaka michache baada ya mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978, uliotoa azimio la afya ya msingi kwa wote, nchi yetu ilianza majaribio katika mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro, ikisaidiwa na Shirika la Afya Duniani na serikali ya Denmark. Wahudumu wa vituo vya vijijini walifundishwa kutambua na kutibu magonjwa ya akili pamoja na kifafa hukohuko walipo wagonjwa. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Anayesema kwamba jambo hili limeletwa juzi na mradi fulani anawanyima haki wauguzi wetu waliolianza zaidi ya miaka 40 iliyopita. Baadaye ikaja Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, ikachukua nafasi ya sheria ya enzi za ukoloni.

Mirembe bado inahitajika, kwa wagonjwa wachache ambao hali yao imeshindikana kwingine. Wengine wote ngazi yao ni ileile ya mgonjwa wa presha: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, kisha hospitali ya rufaa ya mkoa, ambayo kwetu ni HOMSO. Sensa ya 2022 ilihesabu Ruvuma watu zaidi ya milioni 1.8. Watu wengi hivyo, kuanzia fukwe za Ziwa Nyasa hadi Tunduru, hawawezi kungojea kitanda cha Dodoma.

"Kifafa kinaambukiza. Povu likikugusa umekwisha."

Si kweli, na hili ndilo linaloumiza kuliko yote.

Kifafa ni ugonjwa wa ubongo, lakini katika vituo vyetu mgonjwa wake huhudumiwa kwenye kliniki ya akili, na mtu akisema "kliniki ya akili" vijijini mara nyingi foleni anayoizungumzia ina watu wa kifafa. Utafiti wa Rwiza na wenzake wilayani Ulanga, jirani zetu wa kaskazini, uliochapishwa 1993, ulizungumza na wakuu wa kaya zaidi ya 3,000. Wawili kati ya kila watano waliamini kifafa huambukizwa kwa kugusana, kwa pumzi, kwa hewa inayotoka tumboni, kwa kula sahani moja. Imani hiyo ikishaingia, mtoto anaanguka kwenye moto wa jikoni na watu wazima wanasimama wakimtazama. Makovu mengi ya moto mikononi na usoni mwa wagonjwa wa kifafa yana historia hiyo nyuma yake. Kifafa chenyewe hakichomi mtu.

Povu ni mate tu, yamechanganyika na hewa kwa sababu misuli ya koo na taya imekaza. Mguse mgonjwa bila hofu. Msogeze mbali na moto na maji, mlaze kwa ubavu, legeza nguo shingoni, weka kanga au koti chini ya kichwa. Usimtie kijiko mdomoni wala usimnyweshe chochote. Degedege likipita dakika 5, au likirudi kabla hajazinduka, akimbizwe hospitali.

Kwa nini basi kifafa kimekuwa kingi ukanda huu kiasi cha kutisha watu? Louise Jilek-Aall, daktari aliyefungua kliniki ya kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960 Mahenge (ya Ulanga, si Mahenge yetu ya Songea penye Makumbusho ya Majimaji), alikuta familia zenye wagonjwa kadhaa, na watoto wanaoinamisha kichwa mara kwa mara kama wanaosinzia. Miaka mingi baadaye, mwaka 2018, Mmbando na wenzake walichapisha vipimo vyao vya hukohuko: katika vijiji vya ndani kifafa kilikuwa asilimia 3.5 ya watu, katika vile vya karibu na mji asilimia 1.5, na tofauti hiyo ilikwenda sambamba na ugonjwa wa usubi, unaosambazwa na inzi wadogo weusi wanaozaliana kwenye mito inayokwenda kasi. Ruvuma nayo imo kwenye orodha ya maeneo ya usubi nchini. Ndiyo sababu ya zile dawa za Mectizan zinazogawiwa vijijini. Anayezikataa kwa sababu "mimi siumwi macho" ajue kwamba akizimeza huenda anamkinga mjukuu na kifafa.

Na kifafa kina dawa. Fenobabitali ni kidonge cha bei ndogo, kwa kawaida humezwa mara moja kwa siku, usiku, na wagonjwa wengi wakikitumia bila kukatisha huanguka mara chache sana au huacha kabisa. Lakini utafiti wa wilayani Hai, Kilimanjaro, uligundua kwamba kama theluthi mbili ya wenye kifafa hawakuwa kwenye matibabu. Hai, yenye barabara nzuri na hospitali ya KCMC karibu.

"Mgonjwa akiulizwa mambo ya moyoni ataona amedharauliwa."

Inategemea anaulizwaje, na wapi.

Tuseme ni mama wa miaka 34, amekuja kwa kichwa. Chumba cha tabibu kina mlango usiofungika sawasawa, na benchi la wanaosubiri limeegemezwa ukuta huohuo. Tabibu, macho yakiwa kwenye daftari la MTUHA la kumbukumbu za wagonjwa, anauliza kwa sauti ya kumfikia aliyeko nje: "Una msongo wa mawazo?" Mama atasema hana. Angesemaje, wakati jirani yake wa Bombambili amekaa hatua mbili kutoka pale na mtoto mgongoni?

Sasa mlango umefungwa, nesi amevuta kiti akakaa upande uleule wa meza, akaanza na kile alichokuja nacho mama. Kichwa kinauma saa ngapi zaidi? Usiku unalala saa ngapi, unaamka saa ngapi? Kuna kitu ulikuwa unakipenda zamani, shamba, kwaya, kikoba, siku hizi hukioni kitamu? Kisha: "Mama, watu wengi wenye maumivu kama haya huwa wamebeba jambo. Nyumbani kukoje?" Baada ya hapo anyamaze, amwache mama ajibu kwa wakati wake. Maswali haya hayakutungwa kichwani kwake. Lipo dodoso la maswali 9 liitwalo PHQ-9, lenye tafsiri ya Kiswahili iliyojaribiwa hapa nchini, linalouliza juu ya wiki 2 zilizopita: usingizi, hamu ya kula, uchovu, kujiona hufai, na mengine. Nesi aliyelizoea huliuliza kama mazungumzo, si kama mtihani.

Ninachosisitiza ni kwamba mgonjwa hupima huduma kwa vitu ambavyo ripoti haziandiki. Jina lake liliitwaje, kwa sauti gani. Je, aliambiwa "nenda dirisha lile la vichaa"? Aliyemshika mkono wa presha ndiye aliyemuuliza ya nyumbani, au alitupwa kwa mtu wa tatu ambaye hajamsalimia? Shikamoo ya kijana wa mapokezi kwa mzee wa Mbinga aliyeletwa na mwanawe ina kazi kubwa kuliko bango la ukutani. Huduma ikikaa ndani ya kliniki ileile ya presha au ya mama na mtoto, hakuna anayejua umeingia kwa ajili ya nini. Hiyo ndiyo faida ya kwanza ya kuziunganisha huduma hizi, na haihitaji jengo jipya. Pazia zito, kitasa kinachofanya kazi na benchi lililosogezwa mita chache vinatosha kuanzia.

Kliniki ya mama na mtoto ndiyo mahali pazuri zaidi pa kuanzia. Mjini Moshi, utafiti wa Rogathi na wenzake uliochapishwa 2017 uliwafuatilia wanawake zaidi ya 1,000 tangu ujauzito. Baada ya kujifungua, karibu mmoja kati ya 8 alikuwa na dalili za sonona, na waliokuwa wamefanyiwa ukatili na wenzi wao wakati wa ujauzito walikuwa kwenye hatari zaidi ya mara tatu. Mtoto wa mama huyo hupimwa uzito kila mwezi. Mama mwenyewe, mara nyingi, hakuna anayemuuliza lolote.

"Bila daktari bingwa au msaikolojia, ni kupoteza muda."

Si kweli. Wenzetu wa Afrika wamelithibitisha hili kwa vipimo vizito.

Kaskazini mwa Uganda, katika wilaya za Kitgum, Gulu na Pader, Dkt. Etheldreda Nakimuli-Mpungu na wenzake waliwafundisha wahudumu wa afya wa kawaida kuendesha vikundi vya kusaidiana kwa watu wanaoishi na VVU waliokuwa na sonona. Kazi yote ilifanyika kwenye vituo 30 vya afya ya msingi. Matokeo yakachapishwa 2020: baada ya miezi 6, kati ya watu 578 waliokuwa kwenye vikundi hivyo, waliobaki na sonona kali walikuwa 2. Upande wa pili, waliopewa elimu ya VVU tu, ni 160 kati ya 562. Mimi takwimu hizo kila nikizisoma huzirudia, maana watu wale walikuwa wametoka kwenye miaka mingi ya vita.

Harare, Zimbabwe, nako, Dkt. Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwaweka akina bibi kwenye mabenchi nje ya zahanati, wamefundishwa kusikiliza na kumsaidia mtu achague tatizo moja na kulitafutia njia. Jaribio lao katika zahanati 24, lililochapishwa 2016, lilionyesha kwamba waliokaa na bibi walipungukiwa na dalili kuliko waliopewa huduma ya kawaida, na wazo hilo limeshafika hadi Zanzibar. Hapa kwetu, Moshi, kuna programu ya Sauti ya Vijana, ambamo vijana waliofundishwa huwaongoza wenzao wanaoishi na VVU katika mazungumzo ya huzuni, unyanyapaa na dawa.

Mungu ametujalia mabibi wenye busara kutoka Mshangano mpaka Namtumbo. Na tangu Januari 2024 serikali imezindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii nchi nzima. Kama mafunzo yao yatakuwa na saa za kutosha za afya ya akili, zahanati zitapata macho na masikio mitaani. Daktari bingwa abaki wa kusimamia, kufundisha na kupokea walioshindikana.

"Ukimuuliza mtu kama anafikiria kujiua, unampa wazo."

Si kweli. Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba kuuliza hakuongezi hatari, na mara nyingi humpunguzia mtu mzigo aliokuwa ameubeba peke yake. Uliza kwa maneno yaliyonyooka na kwa upole. Akikubali, asiachwe peke yake. Viuatilifu vya shambani vifungiwe au vitolewe nyumbani. Apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo hata kama ni usiku.

Kuna kikwazo kimoja lazima kitajwe. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinafanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai Tanzania. Familia inayoogopa polisi itasema kwamba ilikuwa bahati mbaya, na tabibu aliyedanganywa atatibu tumbo na kumrudisha mtu kwenye hali ileile iliyomsukuma. Kenya ilikuwa na kifungu kama hicho. Januari 2025 Mahakama Kuu ikasema kinapingana na katiba. Naamini nasi tunapaswa kufika huko, kwa sababu kituo cha afya hakiwezi kuwa mahali salama pa kusema ukweli ilhali ukweli huo una kifungu cha jela.

"Dawa za akili ukizianza huachi maisha, na zinakufanya zezeta."

Nusu kweli, na nusu hiyo inahitaji kuelezwa vizuri badala ya kufichwa.

Dawa za sonona kama amitriptilini hazileti uraibu. Huchukua wiki 2 hadi 4 kuanza kuonekana kazi yake, na hapo ndipo wengi wanapokata tamaa, kwa kuwa kinywa kinakauka na usingizi unazidi kabla huzuni haijapungua. Nesi asipomwambia mgonjwa hilo mapema, kidonge kitaishia chini ya godoro. Kwa kawaida hutumiwa miezi kadhaa baada ya mtu kupata nafuu, kisha hupunguzwa kidogokidogo kwa maelekezo ya tabibu.

Haloperidoli na klopromazini, kwa wagonjwa wanaosikia sauti au kuona visivyoonekana, ni kweli zinaweza kukaza misuli, kutetemesha mikono na kutiririsha mate. Watu wa mtaani wakimwona mgonjwa akiwa hivyo husema dawa zimemharibu. Mara nyingi dozi ni kubwa kuliko mahitaji, au hajapewa dawa ya kuondoa ukakamavu. Arudi kituoni aseme. Fenobabitali haikatishwi ghafla hata siku moja, kwani kifafa hurudi kwa kishindo. Inayoweza kweli kukufunga ni diazepamu, ile ambayo watu hununua dukani ili walale. Wiki kadhaa tu mfululizo, na mwili hautaki kulala bila hiyo.

"Mwanaume hapati sonona."

Si kweli. Anaipata, na mara nyingi huiingiza kwenye ulanzi, komoni au gongo, kisha anafika kituoni kwa sababu ya jeraha au tumbo. Mkulima aliyekopea mbolea, mahindi yakavunwa na malipo yakachelewa, ana sababu zote za kukosa usingizi. Tabibu anayefunga kidonda cha mlevi amuulize ni kiasi gani anakunywa na tangu lini. Dakika 5 za swali hilo ni tiba pia.

"Aliyekwenda kwa mganga au kwenye maombi asihangaike kuja zahanati."

Si kweli. Ule utafiti wa Dar es Salaam nilioanza nao ulikwenda pia kwenye vilinge vya waganga wa kienyeji, na huko asilimia 48 ya wateja walikuwa na sonona au wasiwasi, mara mbili ya waliokutwa vituoni. Watu wanakwenda kule kwa sababu mganga huwapa muda, huuliza habari za ukoo, huwataja kwa majina. Nesi anayemkaripia mgonjwa kwa hirizi mkononi amempoteza, na hatamwona tena hadi aletwe amefungwa kamba. Afadhali aulize alipewa nini, maana mitishamba mingine hugongana na dawa, kisha amwachie sala yake na kumpa kidonge chake. Kisichovumilika ni minyororo, kipigo na kunyimwa chakula, popote vinapofanyika na kwa jina la yeyote.

"Matibabu ya akili ni bure."

Kwenye karatasi, kweli. Sera yetu kwa miaka mingi imewaweka wagonjwa wa akili kwenye orodha ya msamaha, pamoja na wa kifua kikuu na ukoma. Lakini msamaha wa dawa ambayo haipo kabatini ni maneno matupu. Mgonjwa huandikiwa karatasi akanunue duka la dawa mjini, anatoka Madaba au Muhukuru kwa bodaboda, na akikosa hela anakaa bila dawa. Ukifuatilia wagonjwa waliorudi kwenye fujo au kuanguka tena, uliza kwanza dawa zao ziliisha lini.

"Kuziunganisha huduma ni kumwongezea nesi mzigo."

Kweli. Huyu nesi anachanja watoto, anazalisha, anagawa dawa, anajaza madaftari ya MTUHA, na kwenye zahanati nyingine ndiye pia anayefagia asubuhi. Kumpa semina ya siku chache, cheti na bango, kisha kumwacha, ni kumwonea. Mradi wa PRIME, ulioanza 2011 katika nchi 5, ikiwemo Uganda kwenye wilaya ya Kamuli, uliacha somo ambalo kila halmashauri ingelizingatia: mafunzo bila usimamizi wa mara kwa mara huyeyuka. Mratibu wa afya ya akili wa halmashauri anatakiwa afike zahanati, akae kwenye chumba, asikilize mgonjwa pamoja na nesi, amsahihishe na kumtia moyo. Hapo hitaji ni mafuta ya pikipiki na posho ya siku, na vyote viwili vinaweza kuwekwa kwenye bajeti.

Wananchi nao wana mahali pa kushika. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha nyingi za uendeshaji huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na mpango wa matumizi hupitishwa na kamati ya usimamizi ambayo wajumbe wake ni wanakijiji. Dawa ikikosekana Bohari ya Dawa, kituo kina ruhusa ya kununua kwa mshitiri wa mkoa, yaani muuzaji wa dawa aliyepewa mkataba na mkoa. Mganga mfawidhi akisoma taarifa kwenye mkutano ujao wa kijiji, simama umuulize: fenobabitali na amitriptilini ziliisha lini mara ya mwisho, mshitiri aliagizwa tarehe ngapi, na kitasa cha chumba cha tabibu kimetengewa kiasi gani?